Kuku Aliyevuka Tunduma

Jumatatu, 2 Juni

Kazi nimeipata! Mimi, Fridolin, fundi wa mabango, na si Octavian mwenye mashine yake ya kuchapa. Leo nalala mshindi.

Ilikuwa hivi. Kituo kimoja cha televisheni cha Dar kina kipindi kinaitwa Chungu Safarini. Wanachukua mpishi wa kawaida kutoka wilayani, wanampandisha kwenye basi lao dogo, wanampeleka nchi jirani akapike na wenyeji wa huko, kamera zikimtazama. Mara hii ni Zambia. Na mpishi ni dada yangu Dativa! Walikula kwake sokoni wiki iliyopita, wali wa mchele wa supa na kambale mkavu wa nazi, wakalamba vidole. Mtayarishaji, kijana anaitwa Joshua, akamwomba palepale. Nimewaambia watu kwamba mimi ndiye niliyempendekeza. Si uongo sana. Siku ile niliwaonyesha pa kunawa mikono.

Joshua anataka turubai la kufunika ubavu wa basi, lichorwe kwa mkono. Anasema kazi ya mashine haina uhai. Akauliza mafundi wa hapa Ifakara. Nikamjibu tupo wawili, ila Octavian amevuka kwenda Lupiro msibani na hajulikani atarudi lini. Octavian alikuwa ng'ambo ya barabara, kibandani kwake, anakula muhogo. Nilisimama katikati Joshua asimwone. Bahati nzuri mimi ni mpana.

Dada hakurukaruka kama nilivyotegemea. Aliendelea kuchambua mchele, kisha akaniuliza watu wa Zambia wakoje. Nikasema ni watu kama sisi. Akasema basi atawapikia kama anavyotupikia sisi.

Jumatano, 4 Juni

Turubai limekwisha. Joshua alitaka chungu kikubwa katikati, moto chini, na kuku anachomoza chunguni kwa furaha, mabawa wazi, kama anakaribisha wageni. Kwa nini kuku afurahie kupikwa? Sikuuliza. Watu wa televisheni wana mambo yao. Pembeni bendera mbili ndogo, yetu na ya Zambia.

Nilianza na bendera. Ya Zambia ina tai wa rangi ya chungwa, kaachia mabawa. Nikakata boksi kwa umbo lake, nikaliweka, nikapaka. Katoka! Tangu nianze kazi hii sijawahi kuchora ndege akatoka vile.

Kisha kuku. Kuku wa kwanza alifanana na kiatu. Wa pili akawa kiatu cha mguu wa pili. Nikafuta wote. Jua linazama, Joshua anapiga simu. Nikafikiri, ndege ni ndege. Nikakata boksi jingine, tai yuleyule ila mkubwa, nikampaka rangi ya chungwa iliyobaki. Nikamwongeza kishungi chekundu kichwani na ndevu nyekundu chini ya mdomo. Kuku! Rangi nyekundu ya mafuta ilikuwa imekwisha, nikatumia ya maji. Kwa mbali huoni tofauti.

Octavian alivuka barabara akaja kutazama, mikono mgongoni kama mkaguzi. Akasema huyo si kuku. Nikamuuliza ni nini basi. Akasema hajui, ila kama yeye angekuwa na vifaranga angewaficha. Wivu mtupu.

Mwisho nikaandika kwenye kona: FUNDI FRIDO, IFAKARA, na namba yangu ya simu, kubwa kuliko bendera zote mbili. Tangazo la bure mpaka Lusaka. Akili kama hiyo Octavian hana.

Jumamosi, 7 Juni

Wameondoka. Wanawake wa jumuiya yetu ya kanisani walikuja kumsindikiza dada kwa nyimbo. Alikuwa na kitenge kipya, mfuko wa mchele, kambale waliofungwa vizuri kwenye gazeti, na mwiko wake wa mninga, ule alioutumia miaka yote. Nikamuuliza wa nini, huko si wana miiko? Akasema ni zawadi kwa mama atakayempokea. Akasema ukimpa mtu kitu kipya umempa kitu tu, lakini mwiko uliozoea mkono ni kama umempa mkono wenyewe.

Dada hajawahi kupita Morogoro. Alikaa dirishani, akatupungia mikono yote miwili, anacheka. Sikuwahi kumwona dada yangu akiwa mtoto. Nilipozaliwa alishakuwa mkubwa, na mama alipofariki ndiye akawa mama. Leo nimemwona mtoto kwa dakika moja, basi lilipokuwa likikata kona.

Machozi yalitaka kunitoka. Ila pia nilikuwa nachungulia kama namba ya simu inasomeka kwa mbali. Inasomeka.

Jumanne, 10 Juni

Simu hazikatiki! Namba za Zambia! Tangazo linafanya kazi!

Wa kwanza alipiga nikiwa napiga mswaki. Mwanaume, anaongea Kiingereza cha haraka, sauti ya juu. Nikajua ni mteja mwenye haraka zake. Akaniuliza jambo, akarudia, akarudia tena kwa ukali. Nikamjibu yesi, yesi, veri machi. Akakata. Wa pili akauliza hilohilo. Nikamjibu hivyohivyo. Wa tano nadhani alikuwa anaimba. Niliwaza hata kununua kitabu cha oda.

Jioni akapiga dada. Shikamoo yangu aliiitikia haraka, si kawaida yake.

Nimeandika hapa alivyonieleza, maana bado hainiingii vizuri. Walipofika Tunduma, dereva alisema si vizuri kuingia nchi ya watu mkiwa na matope. Akaliosha basi. Akalisugua na sabuni, turubai pamoja. Wakavuka mpaka, wakafika mji mmoja wa mbele kule walikopangiwa kupika. Watu wakaja kulizunguka basi. Mwanzo wanacheka. Halafu wakaacha kucheka.

Kishungi kilishatoka na maji. Ndevu zilishatoka na maji. Kilichobaki chunguni, juu ya moto, mabawa wazi, ni tai. Na pembeni yake kuna bendera yao, na kwenye bendera tai yuleyule, kama pacha wake. Wakauliza, hawa Watanzania wamekuja kuitia sufuriani bendera yetu?

Tena wanasema wamempigia simu mchoraji kumuuliza kama alifanya makusudi, naye akakubali. Veri machi.

Jumatano, 11 Juni

Asubuhi Joshua alinipigia. Sauti ya mtu ambaye hajalala. Akaniuliza neno moja tu: makusudi au bahati mbaya? Nikamwambia bahati mbaya, nikamweleza boksi, nikamweleza rangi ya maji. Kisha akasema vizuri, basi sasa ninyamaze. Turubai wamelitoa. Dada Dativa amezungumza na mama mwenyeji, Bana Chanda, yaani Mama Chanda kwa lugha yao, mpishi anayeheshimika pale mjini. Kesho watapika pamoja uwanjani mbele ya watu, wali wetu na ugali wao, na mambo yataishia hapo. Mimi kazi yangu ni moja. Kunyamaza.

Dada naye akachukua simu. "Frido, mdogo wangu. Nimewaambia ni bahati mbaya, na huyu mama ameniamini. Wewe usiseme chochote na mtu. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia dada. Na nilikuwa nimesikia kweli.

Ningebaki nyumbani! Ila saa ya taarifa ya habari nilitaka kujua kama wametajwa, nikaenda kwa Hilari, kilabu chenye televisheni. Nilipoingia watu walisimama. Wakanipigia makofi. Picha ya turubai ilikuwa imeshaenea kwenye simu zote. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kiwandani kule kwenye miwa akanishika bega, akasema kijana umeonyesha kwamba bonde hili lina wanaume. Hilari akaniletea kinywaji bila kuniuliza. Nilikaa kwenye kiti cha katikati. Sijawahi kukaa kiti cha katikati.

Sikusema kitu. Naapa. Nilitabasamu tu.

Akaingia Maximilian, yule mwenye runinga ya mtandaoni, simu kwenye kijiti, kinasa sauti chenye manyoya. Akataka mahojiano. Nikatikisa kichwa, nikasema sina la kusema. Mpaka hapo nilikuwa mtu mwema.

Octavian akasimama kule nyuma.

"Jamani, tuwe wakweli," akasema. "Mnampa huyu sifa za bure. Hakukusudia lolote. Huyu hawezi kuchora kuku, ndiyo habari yote."

Kilabu kizima kikacheka. Hilari akacheka akaishika kaunta. Yule mzee wa kiwandani akaondoa mkono begani kwangu. Taratibu, lakini niliuhisi ukiondoka.

Maximilian akanisogezea kile kinasa sauti. "Fundi, hebu maliza ubishi. Makusudi au bahati mbaya?"

"Makusudi," nikasema.

"Makusudi kabisa?"

"Fundi hakosei. Kila mstari nilijua ninaupeleka wapi."

"Na ujumbe wako kwa majirani zetu?"

Nilimtazama Octavian. Alikuwa ameacha kucheka. Hiyo ndiyo iliyoniponza, kwamba alikuwa ameacha kucheka.

"Waambie," nikasema, "jikoni Kilombero hakuna ndege asiyeiva."

Kelele zake! Walinibeba. Mimi, na upana wangu.

Alhamisi, 12 Juni

Asubuhi ilikuwa tamu. Waendesha bodaboda walipiga honi wakipita kibandani. Mmoja akaniita Mheshimiwa. Maximilian kanitumia ujumbe kwamba klipu imetazamwa na watu wengi kuliko waumini wote wa jimbo letu. Octavian hakufungua kazi mpaka saa nne.

Mchana dada alipiga.

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Aliniambia kwa mpangilio, kama mtu anayesimulia msiba kwa ndugu waliochelewa. Uwanja ulikuwa umefagiliwa. Vyungu viwili vilikuwa motoni, chake na cha Bana Chanda, vimepakana. Watu wengi, watoto wamekaa chini mbele. Yeye na yule mama walikuwa wanafundishana majina ya vitu, chumvi mnaitaje, moshi mnaitaje, wanacheka. Wali ulikuwa umeanza kukauka maji. Akaja kijana na simu. Akampa Bana Chanda. Yuko mtu wa Nakonde, pale mpakani upande wao, anayejua Kiswahili, akatafsiri.

Bana Chanda akamuuliza kama yule mtu wa kwenye simu anamjua.

"Nikasema ni mdogo wangu," dada akaniambia. "Sikuweza kusema si mdogo wangu, Frido."

Yule mama alifuta mikono kwenye kitenge chake, akaenda kuuchukua mwiko wa mninga, akaurudisha. Akauweka juu ya mfuniko wa chungu cha dada. Kisha akaondoka, na watu wakaondoka naye. Hakuna aliyepiga kelele. Wali uliiva, hakuna aliyeula.

Kipindi kimefutwa. Joshua anarudi Dar na basi. Dada kasema atateremkia Tunduma apande treni.

Bodaboda bado wanapiga honi.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeamka na mpango. Safi kabisa.

Nikamtafuta Maximilian, nikamwambia nataka mahojiano ya pili, niseme ukweli kwamba ilikuwa bahati mbaya. Akasema watu watasema nimeogopa. Anataka ushahidi. Nikamwambia ushahidi upo: Octavian alisema siwezi kuchora kuku, na ni kweli. Nichore kuku hadharani, wote waone anavyotoka vibaya, Zambia nao waone, waelewe. Dada atasafishika kabla treni haijafika Mlimba.

Saa tisa alasiri, mbele ya kibanda changu. Umati. Nikamwomba hata Octavian asimame karibu, awe shahidi. Nilipomwomba alinitazama kwa namna ya ajabu, bila kejeli. Akasema sawa, kwa ajili ya dada Dativa.

Ubao mweupe. Brashi. Nikavuta pumzi, nikachora kuku bila kujitahidi.

Sijui kilichotokea. Mkono ulikwenda wenyewe. Shingo ikakaa. Mkia ukajikunja. Mguu mmoja ameunyanyua kidogo, kama anayetaka kuparua. Jicho linakutazama. Jogoo! Mtoto mmoja akamwita kwa kumrushia punje za mchele.

Nikajaribu kumharibu. Nikamwongeza nyoya pasipotakiwa. Akapendeza zaidi.

Octavian, kwa sauti ya chini, akasema, "Huyo ni kuku." Kwa miaka yote ningelipa chochote kulisikia neno hilo kutoka kwake. Leo lilinichoma.

Maximilian akaigeukia kamera yake. Akasema ndugu watazamaji, mmeona wenyewe, fundi huyu anajua kuku ni nini. Basi yule wa kwanza alikuwa makusudi.

Zile simu za Zambia zimeanza upya.

Jumapili, 15 Juni

Nilikwenda misa. Nikakaa nyuma. Wanawake wa jumuiya, wale waliomwimbia dada, hawakunisalimia. Mmoja, mama Margareta, alinipita kisha akarudi. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza dada anarudi lini na amekula nini njiani. Sikujua. Akasema nilipaswa kujua.

Nyumbani nimekaa nikajiuliza mwenyewe, bila Maximilian, bila Octavian. Nilipolikata boksi la pili, nilijua ni tai wa bendera yao? Nilijua. Nilijua atakaa chunguni? Nilijua. Nilikusudia kuwatukana? Hapana, hata Zambia sikuifikiria. Nilifikiria giza linaingia na kazi haijaisha. Na namba yangu ya simu.

Sasa hiyo ni makusudi au bahati mbaya? Lakini ya kwa Hilari ninalo jibu lake, na halinipi usingizi.

Jumanne, 17 Juni

Nilifika stesheni mapema. Nilivaa shati la Pasaka. Nilikuwa nimenunua soda na maandazi, nikayashika mpaka karatasi ikalowa mafuta.

Mama Margareta naye alikuwepo na wenzake wawili. Hawakuimba.

Dada alishuka behewa la nyuma. Kitenge kilekile. Mfuko wa mchele bado umejaa nusu. Nikakimbia kuupokea. Shikamoo dada. Marahaba. Aliwakumbatia wale wanawake mmoja mmoja, muda mrefu, na mimi nimesimama na maandazi.

Tukatembea. Sikuita bajaji, yeye alitaka kutembea. Kwenye mashamba pembeni ya njia watu walikuwa wanapiga mpunga, na alisimama kidogo kutazama, kama amekaa nje mwaka mzima. Nikaanza kumweleza. Boksi, rangi ya maji, Octavian alivyonitia hasira, yule kuku wa Ijumaa. Nikaeleza haraka haraka. Nikamwambia naapa kwa kaburi la mama, turubai lilikuwa bahati mbaya.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Frido, nimekulea. Ungekuwa mtu wa kupanga matusi ya namna ile, ungekuwa umefika mbali." Akahamisha mfuko wake mdogo bega la pili. "Turubai lilikuwa bahati mbaya. Nilimweleza yule mama, akanielewa. Akaniambia yeye ana mdogo wake fundi seremala, aliwahi kumtengenezea kitanda kikamzidi mlango. Tulicheka mpaka tukashikana. Turubai lilikuwa limekwisha."

Niliuweka sawa mfuko wa mchele begani.

"Yale maneno ya kilabuni ndiyo sikuyaelewa. Nilikuambia unyamaze. Ukasema umesikia. Ulikuwa umesikia?"

"Nilisikia, dada."

"Basi."

Tulipita mbele ya kwa Hilari. Mtu mmoja akaninyanyulia mkono akaita yale maneno yangu kuhusu ndege. Dada aliendelea kutembea, lakini nilimwona anavyoinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepita mlango mfupi. Picha hiyo haiondoki.

Nilimuuliza kama ana hasira na mimi. Akasema amechoka tu. Akasema alikuwa amepanga kumwalika yule mama aje wakati wa mavuno mwakani, amwonyeshe mto. Walishakubaliana. Alikuwa hata amefikiria atalala wapi. Angelala kwenye chumba changu, na mimi ningelala kwa rafiki.

Maandazi alikula moja. Akasema yana chumvi nyingi.

Ijumaa, 20 Juni

Dada amefungua kibanda. Wateja wamerudi wote, na wengine wapya waliokuja zaidi kumtazama kuliko kula. Anawapakulia sawasawa. Wakimuuliza habari za Zambia anasema ni watu kama sisi, na anamuuliza mtu anataka mchuzi au maharage.

Ule mwiko wa mninga hautumii. Sijui ameuweka wapi. Nilipouliza alisema upo.

Nilikula kwenye meza ya mwisho. Aliniletea kambale kipande cha mkiani, ninachokipenda. Akasimama kidogo, mkono kiunoni.

"Nakuomba jambo moja tu," akasema. "Usiseme kwa niaba yangu tena. Na usinichoree chochote. Kibao changu kimefifia, kiache kififie."

Nikaahidi. Nikatoa machozi kwenye wali, na sijui kama aliyaona. Nadhani aliyaona, maana aliniongezea mchuzi.

Usiku huu nimeazimia. Nimekuwa mtu mwingine. Kwa Hilari siendi. Maximilian nimefuta namba yake. Octavian nimemsalimia, akaitikia, tukazungumzia bei ya rangi na tina ya kuiyeyushia kama watu wazima.

Jumapili, 22 Juni

Wazo limenijia alfajiri, nikiwa bado kitandani. Kubwa! Linamaliza kila kitu!

Dada aliniomba nisimchoree chochote. Nimelitafakari sana ombi hilo, kwa heshima. Yeye alikuwa anazungumzia kibao. Ukuta hakuutaja. Na ule ukuta wa nyuma wa kibanda chake, unaotazama barabara ya kwenda kivukoni, si wake hasa, ni wa mwenye nyumba. Halafu hii si kumchorea yeye. Ni kuwaomba radhi Wazambia. Na kuomba radhi kwa picha si kusema kwa niaba ya mtu.

Alipokwenda misa ya kwanza nikaanza kazi. Rangi ya mafuta tupu, mara hii hakuna maji. Nimemchora tai wao, mkubwa, mabawa wazi, mbali kabisa na chungu chochote. Nikawaza, heshima ya mgeni ni kumpa mahali pa juu. Pa juu ni wapi? Nikamchora twiga wetu, na tai nimemsimamisha juu ya kichwa cha twiga. Amekamata pembe zake kwa kucha, asianguke. Twiga ameinamisha shingo kidogo, kwa adabu. Chini nimeandika: KARIBUNI, SISI NI WENU. Twiga katoka vizuri mno. Hata zile kope.

Waliopita wamesimama kutazama. Hawajacheka. Ishara nzuri. Mwendesha bodaboda mmoja aliuliza kwa nini mnyama wetu ndiye amekanyagwa. Nikamwambia asome maandishi. Octavian alifika na baiskeli, akashuka, akatazama muda mrefu, akaniuliza kama dada ameshaona. Nikasema bado. Akapanda baiskeli akaelekea kanisani, anakanyaga kwa nguvu, sijui anawahi nini. Wivu huo haujapona.

Maximilian alipita na kijiti chake. Namba yake nilishaifuta, yangu yeye hakuifuta. Kapiga picha pande zote, anasema leo hii itakuwa hewani, Dar mpaka Lusaka. Akaniuliza, ili aandike vizuri, kumweka twiga chini ya kucha za tai nimekusudia au imetokea tu.

Nimemwambia asiandike kwanza. Asubiri tuone watu watasemaje.